Nesi alinipigia saa kumi na moja jioni: nilivyoacha sigara nikiwa mvuvi wa dagaa

Nimevuta sigara miaka kumi na tisa, na nyingi nimezivutia ziwani. Anayeujua uvuvi wa dagaa hapa Kigoma atanielewa. Mnatoka ufukweni Kibirizi jua likizama, mnawasha taa, halafu mnakaa kungoja dagaa wajae chini ya mwanga. Kule kungoja ndiko kunakomlea mvutaji. Saa nane za usiku baridi imekukaza, macho mazito, mwenzako anawasha fegi anavuta mara mbili anakupokeza. Nilifika pakiti nzima kwa usiku, na mchana naongezea za rejareja kibandani. Hesabu ya fedha sikuwahi kuipiga mimi. Mama Rehema aliipiga siku moja, akaniambia kwa mwaka mmoja nimeunguza bati za kuezeka nyumba.

Kikohozi kilinisumbua, lakini kilichonikera zaidi ni ushauri. Kila mtu ana neno moja: "Acha tu, ni nia." Kama nia ingetosha ningekuwa nimeacha Rehema alipozaliwa. Mzee mmoja pale mwaloni, ufukweni tunapoteremshia samaki, akanishauri nibadilishe niweke ugoro, eti ugoro hauna moshi. Nikabugia ugoro wiki mbili nikijiona nimeshinda. Kumbe ni tumbaku ileile na nikotini ileile inayomfunga mvutaji. Niliporudi kwenye sigara nilikuwa na viwili vya kuacha badala ya kimoja. Mtu akikupa ushauri huo mkatalie, hata kama ni mkubwa wako.

Mwanga ulitoka mbali. Nina rafiki yangu Mkongo, tulifahamiana akiwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, nikimpelekea dagaa. Sasa amehamishiwa Marekani na familia yake. Alinitumia ujumbe wa sauti kwamba ameacha sigara kwa simu. Nikadhani ni maneno ya dawa za mitandaoni. Akanieleza taratibu: kuna namba ya bure, 1-800-QUIT-NOW, ipo tangu 2004, ukipiga inakupeleka kwenye huduma ya jimbo unaloishi. California peke yake walikuwa na huduma kama hiyo tangu 1992. Kiingereza chake bado kizito, wakamwekea mkalimani wa Kiswahili kwenye simu hiyohiyo. Lakini neno lililonishika ni hili: "Ndugu yangu, mimi nilipiga mara moja tu. Zilizofuata walinipigia wao."

Nililirudiarudia neno hilo kichwani. Mtu anayetaka kuacha, siku ya tatu hapigi simu kuomba msaada. Siku ya tatu anatafuta kiberiti. Lazima apigiwe.

Namba ya Marekani ni ya walioko Marekani, kwa hiyo nikapiga 199 ya Wizara ya Afya, ambayo hata salio haikati. Aliyepokea alinisikiliza vizuri. Aliniuliza navuta ngapi, na nikiamka nakaa muda gani kabla ya kuwasha ya kwanza. Nikamwambia sifiki dakika tano. Akasema hicho ni kipimo kwamba mwili umeshazoea nikotini, kwa hiyo nisijilaumu kwa uvivu wa nia, niende kituo cha afya nikaseme wazi kwamba nataka kusaidiwa kuacha.

Nikaenda. Kituo sikitaji. Dirishani niliambiwa, "Baba, hapa tunatibu wagonjwa," na waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Nilitoka, nikanunua mbili pale getini, nikavuta zote nimesimama. Siku ile iliniuma na inaniuma mpaka leo, maana nchi yetu iliridhia mkataba wa dunia wa kudhibiti tumbaku mwaka 2007, na kifungu chake cha 14 kinazungumzia kuwasaidia watu waache. Anayeomba msaada huo haombi fadhila.

Nikarudi kwa njia nyingine. Kikohozi kilikuwa kimepita wiki tatu, nikaenda kupima kifua kikuu. Kwenye kliniki ile nesi aliniuliza mwenyewe kabla sijafungua mdomo: unavuta? Makohozi yalipimwa, kifua kikuu hakikuwepo, alhamdulillahi. Nikamsimulia habari za rafiki yangu. Akasikiliza, akachukua daftari langu, akasema, "Baba Rehema, mitambo kama yao mimi sina, lakini simu ninayo. Chagua siku ya kuacha." Akaandika: siku moja kabla, siku ya kwanza, ya tatu, ya saba, ya kumi na nne, ya thelathini. Saa kumi na moja jioni, kabla sijaingia ziwani.

Dawa za kusaidia niliziulizia, zile bandiko za ngozi na ubani wa kutafuna wenye nikotini ambazo Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009. Maduka mawili ya dawa niliyouliza hawakuwa nazo. Basi tukaenda bila dawa.

Kosa langu lilikuwa kwenye kuchagua siku. Nikachagua mbalamwezi. Niliona nimepiga hesabu kali: mwezi ukiwaka dagaa hawakusanyiki kwenye taa, wavuvi tunapumzika, nitalala nyumbani, hakuna baridi wala kukesha, sigara ya nini? Kumbe mvuvi wakati wa mbalamwezi ni mtu asiye na kazi. Asubuhi nipo mwaloni nashona nyavu, kushoto wanavuta, kulia wanavuta, katikati ni kahawa. Siku ya kwanza nilipita. Ya pili nilimfokea Rehema kwa sababu ya sahani, mpaka mama yake akanitoa nje. Ya tatu, saa nne asubuhi, mkono ulinyanyuka wenyewe ukapokea kipande kutoka kwa mwenzangu, na nilikuwa nimeshavuta mara tatu kabla sijakumbuka kwamba nimeacha. Nesi alipopiga jioni nilitaka nisipokee. Nikapokea. Hakunifokea. Aliniuliza tu: "Ulikuwa wapi, na nani, mkono ulikuwa unafanya nini?" Mkono! Hakuna aliyewahi kuniuliza habari za mkono.

Tukapanga upya, na safari hii nikachagua giza nene, wiki yenye kazi nyingi kuliko zote. Watu mwaloni waliniona nimechanganyikiwa. Lakini fikiria: ziwani usiku hakuna kibanda. Kama hukupakia sigara, hakuna. Nikazungumza na nahodha na vijana wawili tunaotoka nao, nikawaomba siku tatu tu mtumbwi wetu usibebe hata kipisi. Mmoja alinuna. Nahodha akasema sawa.

Nesi alikuwa amenieleza kwamba arosto, ile hamu kali ya kuvuta, ikikupanda haikai, ni dakika chache kisha inashuka hata usipovuta. Nilitaka kulihakiki. Usiku wa kwanza, saa saba hivi, ikaja, mate yakajaa mdomoni. Nikachukua kopo nikaanza kufua maji ya mtumbwi huku nahesabu. Makopo arobaini, bado. Sitini, bado. Nilipofika mia na ishirini nikagundua nawaza dagaa. Ilikuwa imeondoka! Ikarudi saa tisa, nikafua tena, mtumbwi mkavu namwagia maji humohumo ili nipate ya kuteka. Usiku wa tatu, ambao nesi alinionya kuwa mgumu, nilifua karibu mpaka alfajiri, mabega yakawaka moto. Tuliporudi Kibirizi nilikuwa na usiku tatu bila moshi, kwa mara ya kwanza tangu ujana.

Mchana nilitafuna muwa. Tangawizi nayo inasaidia. Kikohozi kiliongezeka wiki mbili za mwanzo, usitishike. Kahawa ya mwaloni niliiacha mwezi mzima kwa sababu ilikuwa imefungamana na sigara.

Simu ya siku ya thelathini nilimpigia mimi kabla hajapiga. Alicheka sana. Sasa ni mwezi wa kumi na nne.

Yule kijana aliyenuna ndiye amekuja kwangu wiki hii. Nimemwandikia tarehe kwenye daftari lilelile, ukurasa unaofuata. Kesho ni siku yake ya tatu, na saa kumi na moja jioni nitampigia.