Taa ya Oili na Uzi wa Mzee Sakichi

Mwaka jana mwezi wa tatu, hata duka sijamaliza kulifagia, alikuja kijana mmoja dereva wa teksi. Ni mteja wangu wa siku nyingi, akifika huwa anaegemea kaunta na kuanza utani kabla hajasema anataka nini. Siku hiyo alisimama mlangoni, mikono kichwani.

"Dada, shikamoo. Nitafutie injini ya IST."

"Marahaba. Injini nzima?"

"Nzima. Yangu imenoki."

Nauza spea za Toyota, kama hiyo IST yake, hapa Ilala, Dar es Salaam, tangu 2004. Duka lilikuwa la mjomba wangu, na mimi nilianza kwa kufuta vumbi na kuandika daftari la madeni. Najua injini ya mtumba kutoka Japani ni mtaji wa mtu, na kwa huyu ilikuwa ni ada ya shule na kodi ya nyumba kwa pamoja. Kwa hiyo kabla ya kupiga simu yoyote nilimvutia kiti.

"Imenoki kwa nini?"

"Oili iliisha."

"Iliishaje, na juzi tu umemwaga oili na kuweka mpya?"

"Ilivuja."

"Ilivujia wapi?"

"Kwenye filta, dada. Ile uliyoniuzia."

Hapo moyo ukanipasuka. Nilimwachia msaidizi duka, tukaenda wote gereji. Fundi alikuwa ameshaifungua filta na kuitupa kwenye beseni. Nikaiokota, nikaifuta kwa tambara, nikaigeuza. Filta ya injini ile ina raba moja ya duara kwenye mdomo wake. Hii ilikuwa na mbili, moja juu ya nyingine. Ya chini nyeusi, laini, mpya. Ya juu ilikuwa bapa, imekauka hadi kuwa na nyufa. Ilikuwa raba ya filta ya zamani. Ilibaki imeganda kwenye injini, fundi hakupitisha hata kidole kuangalia, akafunga filta mpya juu yake. Ilikaa siku mbili, siku ya tatu injini ikiwa ya moto raba zikateleza, oili karibu lita nne ikamwagika barabarani.

Nikamuuliza kijana, "Na taa nyekundu ya oili haikuwaka?"

Akainama. "Iliwaka pale Ubungo. Nilikuwa na abiria wa Mbezi. Nikasema nimfikishe kwanza. Si ni Toyota?"

Maneno hayo matatu nimeyasikia kaunta hii mara nyingi kuliko jina langu. Na yananiuma, kwa sababu mimi naipenda Toyota, na najua jina hilo limetoka wapi.

Limetoka kwenye nguo. Mzee Sakichi Toyoda alizaliwa 1867, mtoto wa seremala kijijini, akikua anamwona mama yake akihangaika kufuma. Akatumia useremala wa baba kurahisisha kazi ya mama, na 1891 akapata haki ya ubunifu wa mtambo wake wa kwanza wa mbao. Aliendelea hivyo maisha yake yote. Mwaka 1924, pamoja na mwanawe Kiichiro, alitoa mtambo ulioitwa Type G. Ulijazia uzi wenyewe bila kusimama, lakini uzi mmoja tu ukikatika, mtambo wote ulisimama hapo hapo.

Hebu fikiria uzito wa jambo hilo. Kabla yake uzi ukikatika na mfumaji hajaona, mtambo ulizidi kufuma, na jioni wanakuta mita kadhaa za kitambaa chenye mstari wa kasoro. Mzee akaona heri kusimama sasa kuliko kufuma kibovu. Na kwa kuwa mtambo ulijichunga wenyewe, mfanyakazi mmoja aliweza kuangalia mitambo mingi. Mwaka 1929 kampuni ya Platt Brothers ya Oldham, Uingereza, ikakubali kununua haki za mtambo huo kwa pauni 100,000, na husimuliwa kwamba fedha hizo zilimsaidia Kiichiro kuanza kuhangaika na magari. Wazo la uzi likahamia kiwandani pamoja naye. Kwenye viwanda vya Toyota kuna kamba inayopita juu ya mstari wa kuunganisha magari; mfanyakazi yeyote akiona kasoro anaivuta, taa inawaka, na kasoro isipotatuliwa kwa wakati mstari unasimama. Hata kama ni kijana aliyeajiriwa mwezi uliopita.

Sasa mtu aliyenunua gari la watu hao anaona taa nyekundu Ubungo na anaendelea hadi Mbezi.

Wengi wanadhani Toyota ilizaliwa ngumu. Haikuzaliwa ngumu. Lori lao la kwanza, G1, lilipelekwa Tokyo kuonyeshwa Novemba 1935, na njiani sehemu ya usukani ikavunjika, wakakesha wanalitengeneza ili liwahi maonyesho. Malori ya mwanzo yaliharibika mno. Waliyauzia kwanza karibu na nyumbani, Nagoya na jirani zake, ili likikwama wafike haraka, na Kiichiro mwenyewe alikuwa akienda kulitazama lilipokwama. Mwana wa tajiri, bosi, anakwenda barabarani kuangalia lori lililomtia mteja hasara! Mwaka uliofuata, 1936, wakabadilisha jina la gari kutoka Toyoda kuwa Toyota, kwa kuwa kwa herufi za Kijapani Toyota huandikwa kwa mikwaju minane, na nane kwao ni namba ya heri. Kampuni yenyewe ikasajiliwa Agosti 1937. Kisha 1950 ikakaribia kufilisika, wafanyakazi wakagoma, na Kiichiro akajiuzulu kubeba lawama. Alifariki 1952. Corolla ya kwanza ilitoka 1966, hakuiona.

Namfikiria sana huyu Kiichiro. Nikienda gereji kuangalia filta ya mteja huwa najisikia kama niko kwenye njia yake, japo mimi ni muuza spea tu wa Ilala.

Watu huniuliza, dada, kwa nini Toyota na siyo gari lingine? Jibu langu liko kwenye rafu nyuma yangu. Angalia injini ya 1NZ, ya ujazo wa lita 1.5. Imo kwenye IST yenye chesisi ya NCP61. Imo kwenye Vitz, Funcargo, Platz, Raum, Porte, Sienta, Probox, Succeed, Fielder, Runx, Allex, na kwenye Premio na Allion za NZT240. Filta moja, ambayo namba yake inaanza na 90915, inawahudumia wote hao. Ndiyo maana mtu akikwama Sumbawanga anapata plagi, na ndiyo maana bei haipandi kiholela. Mimi na mtaji wangu mdogo naweza kumhudumia dereva wa teksi, mwalimu na mfanyabiashara wa nyanya kwa boksi lile lile. Uimara wa Toyota mimi nauona hapo, kwenye kutengenezeka. Kila gari huharibika. Hili likiharibika linatengenezwa kesho yake.

Ndiyo maana pia ukija kwangu nitakuuliza namba ya chesisi kabla ya kukuuliza rangi ya gari. Usikasirike. IST ya NCP60 ni ya lita 1.3, na spea zake nyingine hazikai kwenye NCP61, ingawa kwa nje ni mapacha.

Nina mzee mmoja, mwalimu mstaafu, anatoka Korogwe kwa basi akiwa na kifaa chakavu amekifunga kwenye gazeti. Ana Corolla 110, injini ya 5A. Kwenye daftari lake ameandika kila oili aliyomwaga, tarehe na kilomita, kwa mwandiko wa ubaoni. Mara ya mwisho alikuwa kwenye 412,000. Nikimwambia, "Mzee, hili gari utalizika," ananijibu, "Binti, gari halitaki miujiza, linataka kukumbukwa." Kuna dereva mwingine wa hospitali ya misheni kule Rukwa, yeye ana mkonga, Land Cruiser lenye injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita, lita 4.2, haina turbo. Amebeba wajawazito kwenye tope kwa miaka. Akija Dar ananunua filta za dizeli kwa dazani, kwa sababu anajua mafuta ya huko yana maji. Hajawahi kuniambia "si ni Toyota". Anayelitegemea gari kwa roho za watu halisemei maneno hayo.

Mimi mwenyewe niliwahi kuumia. Mwaka 2016 nilinunua IST yangu ya kwanza kwenye yadi moja hapa mjini. Nilijiona mjuzi, nikakagua bodi, nikanusa oili, nikapiga chabo chini. Gari likawa linakunywa petroli kama lori. Fundi wangu akaniambia, "Dada, weka switchi bila kuwasha, hesabu taa." Nikaweka. Ya oili ikawaka, ya betri ikawaka, ya breki ikawaka. Ya njano, ya injini, kimya. Akafungua dashibodi, akaitoa mita, akaigeuza. Nyuma yake palikuwa na kipande cha utepe mweusi wa umeme, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kimebandikwa vizuri kabisa juu ya kitaa kile. Alipokibandua na kuwasha gari, taa ikawaka na haikuzima. Tatizo lilikuwa sensa ya ekzosi. Ukiijua mapema ni ya kutengeneza siku moja.

Nilikitazama kile kipande cha utepe kwenye kiganja changu muda mrefu. Mzee Sakichi alitumia maisha yake kuufundisha mtambo useme "nimeumia", na mtu akakaa chini akaliziba gari mdomo ili apate hela yangu. Tangu siku hiyo kila anayeniambia anakwenda kununua gari namwambia jambo moja: weka switchi, usiwashe, hesabu taa. Taa ambayo haiwaki kabisa iogope kuliko inayowaka.

Na Toyota wenyewe nao waliwahi kuuacha uzi. Sitawaficha kwa kuwa nakula kupitia jina lao. Mwaka 2009 na 2010 waliita mamilioni ya magari yarudi kutengenezwa kwa ajili ya mazulia na pedeli za mafuta zilizoweza kunasa, na tarehe 24 Februari 2010 Akio Toyoda, mjukuu wa Kiichiro, akasimama mbele ya wabunge wa Marekani akaomba radhi, akakiri kwamba huenda kampuni ilikua haraka kupita kiasi. Mwaka 2014 wakakubali kulipa dola bilioni 1.2 huko Marekani na kukiri kwamba waliwapotosha wateja kuhusu tatizo hilo. Halafu Desemba 2023 ikaja ya Daihatsu, kampuni tanzu yao iliyounda Passo. Wachunguzi walikuta visa 174 vya udanganyifu kwenye majaribio, kwa mifano 64 ya magari, mengine yakiwa na nembo ya Toyota. Wafanyakazi walibanwa na ratiba, wakaogopa kuvuta kamba.

Siku ile ya Daihatsu niliumia kweli. Nina wateja wengi wa Passo, akina mama wanaopeleka watoto shule. Kwa wiki nzima walinipigia kuuliza kama wauze. Nilimjibu kila mmoja kwa namba yake ya chesisi, nikawaambia waendelee kuangalia breki na mikanda kama kawaida, wasiuze kwa hofu. Lakini nililala vibaya. Jina ambalo mtu alilijenga kwa kwenda kutazama lori lake lilipokwama, wengine walilichafua kwa kuhofia tarehe za mwisho.

Nirudi kwa kijana wa teksi. Injini niliipata kwa mwenzangu wa Gerezani, 1NZ safi, sampo, yaani bakuli la oili la chini, haijapigwa weldi, tukaifungua kifuniko cha juu na kumulika tochi ndani, hapakuwa na masizi. Sikuweka faida. Fundi wake alikubali kosa na akafunga bure, na hilo namheshimu, maana angeweza kusingizia filta. Nilimwomba kijana jambo moja tu: taa nyekundu ikiwaka, hata kama umembeba waziri, weka pembeni na uzime.

Mwezi wa sita alirudi. Kilomita za oili zilikuwa zimefika. Aliegemea kaunta kama zamani, akaomba filta, nikaiweka kaunta. Hakuondoka. Alikaa nje ya duka, kwenye kivuli cha mwarobaini, akiwa na yule fundi wake, wakafungua ya zamani hapo hapo mbele yangu. Kisha akaja na kiganja chake cheusi kwa oili, akakifungua juu ya kaunta. Kulikuwa na raba moja ya duara, bapa, ya moto bado.

"Hii hapa, dada," akasema. "Nimeitoa kwa mkono wangu. Sasa nipe hiyo mpya."