Tarehe 24 Julai ya Wagiriki

Kila ifikapo tarehe 24 Julai, Wagiriki huadhimisha kurejea kwa demokrasia mwaka 1974, na rais wao huwaalika wageni katika bustani ya ikulu jijini Athens. Wana haki ya kushangilia. Hata hivyo, siku hiyohiyo mwaka 1923 ulitiwa saini Mkataba wa Lausanne, na kwa maoni yangu haifai kulikumbuka tukio moja na kuliacha jingine.

Mkataba huo ulimaliza vita kati ya Ugiriki na Uturuki, ukayapa nguvu makubaliano ya Januari mwaka huo ya kubadilishana watu. Wakristo Waorthodoksi wa Uturuki wapatao milioni 1.2 walihesabiwa kuwa wa Ugiriki, ingawa wengi wao walikwishakimbia, hasa baada ya mji wa Smyrna (İzmir ya leo, Uturuki) kuteketea kwa moto Septemba 1922. Waislamu wa Ugiriki wapatao 400,000 nao wakapelekwa Uturuki. Kigezo kilikuwa dini tu. Mkristo wa Kapadokia, katikati ya Uturuki, aliyezungumza Kituruki tangu utotoni aliitwa Mgiriki, na Mwislamu wa kisiwa cha Ugiriki cha Krete aliyelelewa kwa Kigiriki akapandishwa meli kwenda nchi ambayo hakuijua lugha yake. Waliokubaliana, Eleftherios Venizelos kwa niaba ya Ugiriki na İsmet Paşa kwa niaba ya Uturuki, walitafuta amani, na vita kati ya mataifa hayo kweli vilikoma. Lakini kumng'oa mtu kwenye makaburi ya wazee wake bila kumuuliza ni dhuluma, nami siwezi kuiita vinginevyo.

Kifungu cha 20 cha mkataba huo hakizungumzwi sana. Humo Uturuki ilikubali kwamba Uingereza imeitwaa Kupro, kisiwa ambacho wakazi wake wengi, wenye asili ya Kigiriki, walitamani kuungana na Ugiriki. Waingereza walimhamishia kiongozi wa Wakupro hao, Askofu Mkuu Makarios, Shelisheli mwaka 1956, lakini miaka minne baadaye akawa rais wa Kupro huru.

Ni Makarios huyo ambaye wanajeshi waliotawala Athens tangu 1967 walimpindua tarehe 15 Julai 1974. Siku tano baadaye majeshi ya Uturuki yalitua kisiwani, na utawala huo wa kijeshi, ulioshindwa kuyazuia, ukaporomoka. Usiku wa kuamkia tarehe 24, Konstantinos Karamanlis, waziri mkuu wa zamani wa Ugiriki, aliwasili Athens kutoka Paris kwa ndege ya rais wa Ufaransa, akapokewa na umati mkubwa, akaapishwa kuwa waziri mkuu kabla ya kupambazuka. Kwa Wakupro, msiba ulikuwa haujaisha: tarehe 14 Agosti majeshi ya Uturuki yalisonga mbele tena, yakatwaa zaidi ya theluthi moja ya kisiwa, na mpaka leo Kupro imegawanyika.