Harufu ya Merikani

Jumamosi niliroweka kitambaa kipya cha mapazia kwenye beseni. Kitindamimba wangu akapita jikoni, akasimama, akanusa. "Mama, nani amepika uji?"

Hakuna aliyepika uji. Ulikuwa wanga unaotoka kwenye nyuzi. Nikamwambia kwamba bibi yangu kule Pangani alikuwa akiroweka merikani, kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa, usiku kucha kabla ya kushonea foronya za mito ya sufi, na asubuhi nyumba nzima inanuka hivihivi, kama maji ya mchele yaliyolala. Mtoto akafikiri kidogo. "Kwa nini kitambaa alikiita Marekani? Aliwahi kufika huku?"

Leo siku ya tatu swali hilo ninalo. Na kila nikijaribu kulijibu, anayenijia si bibi wa Pangani. Ni yule bibi wa Lowell, mji wa viwanda vya nguo huku Marekani.

Mwaka 2009 nilikuwa bado nalea wazee, zamu za usiku na mchana, na yeye alikuwa na miaka 87. Nilimwita Bibi. Aliniuliza maana yake, nikamweleza, na tangu siku hiyo akawa hataki nimwite jina lingine. Masikio yake yalikuwa yamekwisha siku nyingi. Aliyaacha kwenye kiwanda cha nguo alikoingia akiwa na miaka 16. Wafumaji wengi walijifunza kusoma midomo kwa sababu ya kelele, na yeye aliisoma ya kwangu vizuri kuliko watu wenye masikio mazima walivyoielewa lafudhi yangu.

Wazazi wake walitoka Quebec. Yeye alikulia Little Canada, mtaa wa Wafaransa wa Kanada hapo Lowell, nyumba za ghorofa zilizobanana hata jirani akikaanga kitunguu unajua. Jioni alikuwa akinihadithia: kamba za nguo zilizovuka uchochoro kutoka dirisha hadi dirisha, maharage ya Jumamosi, ngazi za nje ambako wanawake walikaa wakimenya viazi. Katika miaka ya 1960 mtaa ule ukabomolewa, ati mji unasafishwa. Aliposimulia hapo alinyoosha kiganja, akakipitisha juu ya shuka polepole, kama mtu anayefuta makombo mezani. Hakuongeza neno.

Machi ile nilipata ruhusa ya kumtoa siku moja. Alitaka kwenda Boott, kiwanda cha pamba kilichojengwa kando ya mto Merrimack tangu miaka ya 1830, ambacho sasa ni makumbusho. Nikamvalisha makoti mawili, nikamsukuma na kiti chake cha magurudumu kwenye baridi, tukapita daraja la mfereji, tukaingia.

Chini pale kuna ukumbi wa mitambo ya kufumia, 88, imepangwa safu kwa safu kama vitanda vya wodi. Haiwashwi yote kwa pamoja, lakini hata michache inatosha. Mlangoni wanakupa vizibo vya masikio. Nikatia vyangu. Yeye akavitazama vya kwake, akanirudishia mkononi.

Kelele zile hazikuingia masikioni tu. Ziliingia kwa nyayo, zikapanda magotini, meno yakagongana. Juu yetu mikanda ya ngozi ilikuwa ikizunguka kwenye magurudumu ya dari. Vibao vyenye uzi vilirushwa huku na huku, upesi hata jicho halivikamati. Nikamwangalia Bibi nikidhani ameogopa. Alikuwa ameshusha miguu kutoka kwenye vikanyagio vya kiti, amevua viatu. Soksi zake za sufi zilikuwa zimelala juu ya mbao za sakafu, na macho ameyafumba. Alikuwa anasikia.

Sijui tulikaa vile dakika ngapi. Mara mtambo mmoja mbele yetu ukasita wenyewe. Uzi wa mtande ulikuwa umekatika. Mzee wa pale akaja kuufunga. Bibi akanyoosha mkono, na yule mzee akamwelewa, akamsogeza. Vidole vile ambavyo asubuhi havikuweza kufunga kifungo cha koti viliukamata uzi, vikauzungusha mara moja, fundo likakaa. Mtambo ukaanza tena. Halafu akashika kitambaa kilichokuwa kikijikunja chini, cheupe kisichong'aa, hakijapaushwa, akakisugua kati ya dole gumba na kidole cha shahada, akanipa na mimi nishike.

Ilikuwa merikani. Uzito uleule, ukavu uleule. Nikainama nikanusa, na nikawa Pangani, nina miaka sita, beseni mbele yangu.

"Merikani," nikasema.

Akasoma midomo yangu, akatikisa kichwa kwa fahari. "Ndiyo. Ya Marekani. Tuliifuma sisi."

Sikuweza kumweleza mle ndani. Nilikuja kumweleza kwenye lifti, na njiani, na tena usiku: kwamba majahazi ya Salem, si mbali na hapo, yalifika Unguja tangu miaka ya 1820, kwamba mwaka 1833 Seyyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, aliwekeana mkataba na Marekani, kwamba marobota ya kitambaa cha Massachusetts yaliteremshwa forodhani, zikapandishwa pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikaikata pamba mwaka 1861, kitambaa kikaja kutoka Bombay, na baadaye Japani, lakini jina halikubadilika. Bibi yangu alilikuta limeshakaa. Akacheka sana yule mzee wangu. Akasema basi mabibi zako wawili walijuana.

Alifariki majira ya joto yaliyofuata. Nilikuwa zamu.

Ila siku ile, kabla hatujatoka, tulipanda ghorofani kwenye maonyesho, na huko imeandikwa wazi pamba ile ilivunwa na nani. Ilivunwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Na nikakumbuka pembe zilizolipia kitambaa zilibebwa na nani kutoka bara hadi pwani, na waliofika nazo wengine waliishia kuuzwa. Bibi alisoma ubao ule pamoja nami. Alisoma mpaka mwisho, kisha akaniomba nimvalishe viatu. Hatukulizungumza, siku ile wala baadaye, na sijajua neno moja linawezaje kuninukia utoto na wakati huohuo kubeba hayo.

Jana mtoto aliniletea daftari, ameamua kuandika habari za kitambaa kwa ajili ya darasa. Akaniuliza herufi, nikamtajia: m, e, r, i, k, a, n, i. Nimeshamweleza habari za majahazi. Za pamba bado.