Miwani ya uhalisia pepe ilipokosa kuuona mkono wa mama

Mama, aliyedhoofika mkono wa kushoto kwa kiharusi, hufanya mazoezi nyumbani kwetu Mikindani kwa miwani ya bei nafuu ya uhalisia pepe, inayomwonyesha picha kana kwamba yumo ndani yake, na ambayo kamera zake hufuatilia vidole. Lakini kila alipofikia kikombe cha kwenye picha, kiganja chake kilitoweka kwenye picha hiyo. Nilizima na kuwasha, nikapangusa kamera, nikabadilisha programu, bila mafanikio. Kisha nilifunga dirisha la jua la asubuhi, nikawasha taa, nikaondoa nailoni inayong'aa mezani. Mkono ukaonekana, ila kwa kukatika. Kilichobaki kilikuwa mkono mrefu wa gauni lake, ulioteremka hadi vidoleni, ambao mtu mwenye afya huupandisha bila kufikiri, naye hawezi. Nilipoukunja hadi kiwikoni, alikishika kikombe.