Nilivyotoka setlimenti nikaingia kwenye madili

Wadogo zangu wengi mnaniuliza nilihamaje kutoka kule nyuma kwenye makaratasi ya setlimenti, yaani kumalizia malipo ya hisa na bondi zilizonunuliwa, hadi huku kwenye kazi za benki ya uwekezaji, yaani kushauri kampuni zinazotaka kukusanya mtaji, na kila nikijibu mmoja mmoja naishia kusema nusu, so leo naandika yote.

Nilipomaliza chuo nikapata mafunzo kazini miezi sita kwenye benki moja hapa Dar, maeneo ya Posta, kitengo cha kutunza dhamana za wateja, yaani hisa na hatifungani (bondi) zao. Yaani mifuko ya pensheni na kampuni za bima wakinunua hisa au hatifungani, wao wakishamalizana na dalali wao, sisi ndo tunahakikisha hela imetoka na dhamana imeingia kwenye akaunti yao ya CDS, ile ya kielektroniki inayotunza hisa na bondi za mtu. Hisa za DSE, soko la hisa la Dar, zinamalizwa siku ya tatu ya kazi baada ya biashara, ndo ile T+3 mnayoisikia, na hatifungani za serikali mnada wa Benki Kuu (BoT) ni Jumatano afu hela inatakiwa Alhamisi, kwa hiyo Alhamisi asubuhi ofisini kwetu hakuna anayepiga stori, kila mtu macho kwenye skrini.

Wiki ya tano nikaharibu. Namba ya akaunti ya mteja ina 68 katikati mimi nikaandika 86, tumekuja kugundua saa 9 alasiri siku ya mwisho kabisa ya kumaliza ule muamala, mikono inatetemeka, kila nikiangalia ile fomu naona iko sawa tu. Kuna dada mmoja wa siku nyingi pale kitengoni akavuta kiti akakaa pembeni yangu, akaniambia "mdogo wangu, namba usiisome hivyo, isome kwa sauti kutoka mwisho kurudi mwanzo, macho yakizoea kitu yanakudanganya." Tukasoma hivo namba zote za siku ile moja moja, ikapatikana, ikarekebishwa, muamala ukapita. Namshukuru mpaka leo na hiyo tabia sijaiacha.

Ila nilikua nataka kujua zaidi ya pale. Kila siku napokea maelekezo kununua hiki kuuza kile, na hakuna sehemu yameandikwa kwa nini. Nikamwomba mkuu wangu nikae hata wiki mbili na watu wa juu, wale wanaoshauri kampuni zinapotaka kukusanya mtaji, akanijibu watu wa setlimenti hawapandi ghorofa ile. Iliniuma kweli, sio kidogo, mana alisema mbele ya watu na alisema kama vile anataja hali ya hewa.

Kilichonigeuza ni riba ya bondi moja. Ni ile hatifungani ya kijani, yaani ya miradi ya mazingira, ya Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya Tanga, waliyoitoa 2024, miaka 10, riba asilimia 13.5, waliomba sh bilioni 53.12 na watu wakaleta zaidi. Mimi nilikua nagawa malipo kwa wateja wetu waliyonayo, nalinganisha tu mistari. Kaka mmoja wa ile timu ya juu akashuka kuuliza kitu, akasimama nyuma yangu akaangalia skrini.

"Dogo, hii unajua inalipwa na nini?"

"Si serikali kaka."

"Hapana. Inalipwa na bili za maji. Mama wa Chumbageni akilipia maji yake, ndo riba hiyo unayoigawa hapo."

Akaondoka zake. Mimi nikabaki naitazama ile namba naiona kitu kingine kabisa. Jioni ile nikautafuta waraka wa matarajio wa ile bondi, ule unaowaeleza wanunuzi kila kitu kuhusu inayouzwa, nikaanza kuusoma kwenye mwendokasi ya Kimara, nimesimama, simu mkono mmoja, na nikaendelea hivo karibu mwezi mzima mana mwanzo nilikua naelewa kama mstari mmoja kwenye mitano.

Afu nikafungua Excel. Hapa ndo naomba mnisikilize vizuri maana kozi za mtandaoni nilishafanya mbili na hazikunifikisha popote, zinakupa kampuni ya Marekani unajaza namba unapata jibu, umejifunza kujaza namba. Mimi nilianza na wateja wa maji wangapi, kila mmoja anatumia kiasi gani, bei ya uniti, maji yanayopotea njiani kwenye mabomba kabla hayajafika kwenye mita, umeme wa pampu, mishahara, nikashuka mpaka chini kuona kinachobaki. Kwa zile bilioni 53.12 riba peke yake ni kama bilioni 7.17 kwa mwaka, je hicho kinachobaki kinatosha? Na hapo ndo nikagundua kitu ambacho mpaka leo naona ndo moyo wa dili lile, kwamba bei ya maji haipangwi na Tanga UWASA wenyewe, EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, ndo anaidhinisha. Kwa hiyo anayekopa hana mamlaka kamili juu ya bei ya kitu kitakacholipa deni lake. Nikaweka kwenye Excel yangu, bei isipopanda miaka mitatu inakuaje, maji yanayopotea yakipungua inakuaje. Mabomba mapya ya kule mjini na Muheza na Pangani na Mkinga yakaacha kua sentensi kwenye waraka, yakawa ndo sababu namba yangu ya mwaka wa nne inapanda.

Baadae nikasoma na waraka wa Vodacom Tanzania wa 2017, walipouza hisa milioni 560 kwa sh 850 moja, mana mjomba wangu alinunua kipindi kile mi niko sekondari na nilikua nakumbuka tu amejaza fomu pale mezani sebuleni. Nikasoma pia ile kozi ya cheti ya CMSA, mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji, isomeni, kazi hizi zinataka leseni na mtu aliyeshaanza njia hiyo anaonekana yuko siriasi. Sina mengi ya kusema hapo.

Maombi nilituma 11. Tisa kimya, moja wakanikatalia, moja wakaniita, kampuni ndogo ya ushauri, watu hawafiki kumi. Na hili mlijue, hapa kwetu ukisubiri tangazo limeandikwa benki ya uwekezaji utazeeka, kazi yenyewe iko kwenye kampuni za madalali na washauri wenye leseni ya CMSA na kwenye vitengo vya benki hizi hizi za kawaida, kwa hiyo tafuta kazi inayofanyika usitafute jina.

Kwenye intavyuu wakaniambia tueleze dili moja unalolijua. Nikaeleza Tanga, dakika kama ishirini, mzee mmoja pale akaniuliza "na EWURA wakikataa kupandisha bei?" Niliifungua laptop yangu nikamwonyesha, mana hilo swali nilikua nimeshajiuliza mwenyewe usiku mwingi sana. Aliivuta laptop upande wake akaanza kubadilisha namba mwenyewe, akakosoa sehemu mbili, na kwa kweli alikua sahihi zote mbili.

Mshahara wa mwanzo ulizidi posho ya mafunzo kidogo tu, na saa za kutoka hazipo, kuna siku nimetoka saa 6 usiku kwa ajili ya kurasa za waraka kutopishana na jedwali la yaliyomo.

Wiki ya tatu wakanipa rasimu ya ratiba ya toleo, yaani ya kuuza dhamana mpya kwa wawekezaji, nihakiki tahajia tu. Nikaisoma kama yule dada alivyonifundisha, kutoka mwisho kurudi mwanzo, tarehe moja moja. Siku ya kuorodheshwa sokoni, sawa. Siku ya kuingiza dhamana kwenye akaunti za CDS, sawa. Siku ya benki inayopokea hela kufunga hesabu, wameandika 7 Julai. Saba Saba. Benki zimefungwa, na siku zote zinazofuata zimehesabiwa kutokea hapo.

Nikainuka na karatasi nikampelekea bosi. Akaangalia, akaangalia kalenda ya ukutani, akavuta kiti cha pembeni yake. "Kaa hapa. Nieleze kule setlimenti hela inapitaje, hatua kwa hatua, tuipange upya." Tulimaliza saa 2 usiku, na ratiba iliyoenda CMSA ni ile.