Vijiji vya moto, maji na upepo: nilivyovitofautisha

Vijiji vya riwaya yangu ya kubuni, kila kimoja na nguvu yake ya asili, vilitofautiana kwa rangi za nguo tu. Kote walioa na kugombana vilevile. Dawa ikawa swali: nguvu hii ya asili inawapa kazi gani kila siku, na nani anaimiliki?

Moto niliutoa Iceland, ambako mkate huokwa kwa kufukiwa kwenye ardhi yenye joto la volkano. Basi kwangu shimo la kuokea likawa mahari. Maji niliyaazima kwenye mifongo ya Wachaga, mifereji inayogawa maji ya Kilimanjaro kwa zamu. Katika hadithi, anayeiba zamu hanyimwi chakula, hunyimwa salamu. Matusi na ngoma vikajitunga vyenyewe.

Upepo ulinisumbua, hadi minara ya Yazd, Iran, inayonasa upepo na kuuingiza nyumbani, iliponipa ugomvi: jirani akijenga juu zaidi, amekuziba pumzi.