Kazi yangu ya jukwaani nimeipata kwenye tamasha la shule

"Ukitaka kuigiza, nenda Nairobi." Nilipomaliza kidato cha nne kila mtu aliniambia hivyo, nami nikaenda. Nauli, picha, chai ya jamaa aliyedai anamjua prodyuza: zilinitoka elfu kumi na kitu. Kwenye odisheni unasema mistari miwili, unaambiwa utapigiwa simu, basi. Hujui kama tatizo ni sauti, macho au kimo chako. Ushauri ule unaniudhi mpaka leo, maana Kenya ina tamasha la drama la shule tangu 1959, na huko ndiko kazi yangu ilikopatikana.

Igizo huanzia kaunti ndogo, likipita linakwenda kaunti, kisha kanda, hadi fainali za kitaifa mwezi wa Aprili. Kila ngazi ina waamuzi wake, na wao husimama mbele ya ukumbi wote kueleza kipi kimefana na kipi kimepwaya. Darasa hilo hulipii. Nilikuwa nakaa na daftari, naandika hata maoni ya shule nyingine. Wengi hutoka matokeo yao yakishasomwa. Wewe usitoke.

Mwalimu wangu wa zamani aliniita nimsaidie na shairi la kikundi. Msimu ule ni wa masika, na kumbi nyingi za shule zimeezekwa mabati, mvua ikinyesha husikii kitu, kwa hiyo ili wazoee kelele mazoezi tuliyafanyia bwaloni wakati wapishi wanaosha sufuria. Niliwakataza watoto kupiga kelele. Mmoja anatoa mstari, wenzake wote wanalidaka neno la mwisho na kulirudisha kwa pamoja, mguu wa kulia ukitua sakafuni na silabi ya mwisho. Hata maneno mengine yakikupita, mdundo unakushika. Siku ya kanda mvua ilimwagika, shule iliyotutangulia haikusikika kabisa. Wetu wakashusha sauti badala ya kuipandisha, wakauachia mguu kazi. Ukumbi ulitulia tuli, watu wakainama mbele kusikiliza. Nimeona mengi jukwaani tangu hapo, lakini lile bado linanisisimua.

Mwamuzi alipolisifu, mkuu wa kundi moja linaloigiza vitabu teule vya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, akauliza nani kawafunza. Muda si mrefu nikawa ndani ya matatu yao, asubuhi shule hii, alasiri shule ile. Wanafunzi huchanga kidogo kidogo, lakini shule zikiwa nyingi kodi ya nyumba inapatikana. Tena kila shule tuliyoingia ilikuwa na mwalimu wa drama, na mwalimu wa drama akifungua muhula wa kwanza anatafuta mswada. Hapo ndipo nilipoanza kuandika.

Mswada huleta elfu kadhaa, na ukifika taifa bei yako inapanda mwaka unaofuata. Andikianeni mkataba mapema, mdogo wangu. Kuna shule ilinizungusha na malipo hadi muhula wa tatu, na igizo langu lilikuwa limewapeleka mbali, kisa tulipatana kwa mdomo. Siku hizi nusu naipokea kabla ya mazoezi, nusu kabla ya ngazi ya kaunti, na jina langu linakaa ukurasa wa kwanza wa nakala wanayopewa waamuzi.